Siku ya Pili Iliyo ya Kwanza

Somo: Kumbukumbu la Torati 5:12–15

Leo twataka tuzungumze nanyi habari ya siku tunayoijua sana hata tumesahau kuiuliza jina lake na ukoo wake. Twasema habari ya Jumapili, hasa Jumapili ya kwetu huku bara ya Mombasa: Kisauni, Changamwe na Likoni.

Kuna swali moja ambalo watoto wa shule ya Jumapili huuliza, na mwalimu asiyejitayarisha hukohoa kwanza ndipo ajibu. Twawasomea Injili ya Yohana mlango wa 20, jinsi Mariamu Magdalene alivyokwenda kaburini alfajiri, siku ya kwanza ya juma. Kisha twawaambia ya kwamba siku ile ndiyo Jumapili. Hapo mtoto mmoja mwenye akili huinua mkono: “Mwalimu, mbona hii ni juma pili? Ya kwanza si ni juma mosi?”

Mtoto amesema kweli. Lugha yetu haikuanza kuhesabu siku kanisani. Ilianza kuhesabu kutoka Ijumaa, siku ambayo jina lake la Kiarabu lina maana ya kukusanyika, kwa kuwa ndiyo siku majirani zetu Waislamu wanapokusanyika msikitini. Siku ya kwanza baada ya Ijumaa ikawa Jumamosi, ya pili Jumapili, ya tatu Jumatatu, mpaka ya tano. Lakini ajabu ni hii: baada ya Jumatano hatusemi Jumasita. Twasema Alhamisi, na Alhamisi kwa Kiarabu ni “ya tano” vilevile! Basi juma letu lina siku mbili za tano, na ya sita haimo. Sababu yake ni kwamba Waarabu huanza hesabu yao Jumapili, ambayo wao huiita ya kwanza. Kwa hiyo Jumatano ni ya tano ukianzia Jumamosi, na Alhamisi ni ya tano ukianzia Jumapili. Hesabu mbili zimekaa katika juma moja, kama wake wenza waliozoeana, na hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Hivyo mwalimu anaweza kumjibu mtoto pasipo kukohoa: “Mwanangu, ukihesabu na Biblia, Jumapili ni ya kwanza. Ukihesabu na jirani yako, ni ya pili. Na ukitaka shahidi kwamba ni ya kwanza, muulize Alhamisi.” Ndugu zetu Waadventista nao wana fumbo lao, kwa maana Sabato yao ni siku ya saba, nayo kwa Kiswahili inaitwa mosi. Hata Wareno, walioanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, huhesabu siku zao kwa namba, na kwao siku ya pili ni Jumatatu. Hesabu yao haikuota mizizi katika lugha yetu. Sisi tumebaki na Jumapili, na kila tunapoitaja siku ya Bwana tunaitaja kwa hesabu ya jirani.

Jambo hilo si la kuonea haya. Ni la kutufundisha ya kwamba siku ya kupumzika katika nchi hii haikuletwa na sisi peke yetu. Tulipokuja na kengele zetu tuliwakuta watu wanaojua kupumzika.

Huku pwani Ijumaa ilikuwa na heshima yake tangu zamani. Mwanamume alioga akavaa kanzu safi, duka likafungwa adhuhuri, maskini wakapita kuomba sadaka. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo aliitwa Juma, na wa kike Mwanajuma. Wa Alhamisi aliitwa Khamis. Nao Wamijikenda, wenye vilima vya Rabai na Ribe na nchi ya Digo kusini ya Likoni, walikuwa na juma lao la siku nne. Katika siku hizo nne moja ilikuwa ya kupumzika, isiyolimwa. Siku hiyo waliiita Jumwa, na hata leo mnawajua akina mama wenye jina hilo. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na alipokwenda kukaa Rabai mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann, alikuta watu wanaopumzika kila siku ya nne. Yeye alikuja kuwaambia habari ya siku ya saba. Ukipiga hesabu, utaona ya kwamba mkulima wa Rabai alikuwa na mapumziko mengi kuliko mhubiri wake!

Lakini walikuwako watu ambao siku haikuwa mali yao, na hao ndio tunaotaka kuwakumbuka leo. Watumwa wa mashamba ya pwani na ya Unguja walikuwa na desturi yao. Katika mashamba mengi mtumwa alimfanyia kazi bwana wake siku tano, kisha Alhamisi na Ijumaa akaachiwa. Mtu akisikia hivyo aweza kusema, “Kumbe siku mbili! Sisi wengine hatuna hata moja.” Ngoja kwanza. Siku zile mbili mtumwa alikwenda kukilima kijishamba chake ili apate chakula chake mwenyewe. Jembe lilibadilisha shamba, mgongo ulikuwa uleule. Tena aliachiwa kwa desturi na kwa hiari ya bwana, naye bwana atoaye kwa hiari yake aweza kuondoa kwa hiari yake.

Sasa fungueni Kumbukumbu la Torati, mlango wa 5. Amri ya kuitakasa Sabato mnaijua. Mlisoma katika Kutoka mlango wa 20 ya kwamba sababu yake ni kuumbwa kwa ulimwengu: Mungu alifanya kazi siku sita, akastarehe ya saba. Lakini katika Kumbukumbu la Torati Musa atoa sababu nyingine. Awaambia Waisraeli wakumbuke ya kuwa wao wenyewe walikuwa watumwa Misri, na Bwana akawatoa kwa mkono wa nguvu. Kwa hiyo mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe. Haya maneno mawili, “kama wewe”, ndiyo moyo wa somo letu.

Wapendwa, kama kuna mahali katika Kenya ambapo somo hili lilisomwa na watu waliolielewa kwa ngozi yao, ni Kisauni.

Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa kwa bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Aliyekuwa ametumwa na Uingereza kuyadai mapatano hayo alikuwa Sir Bartle Frere. Manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi yenye watumwa, swali likawa: watu hawa waende wapi? Kwao kulikuwa mbali. Wengine walichukuliwa wadogo hata hawakujua njia ya kurudi. Ndipo Chama cha Misioni cha CMS kikamtuma William Salter Price. Alifika mwishoni mwa mwaka 1874, akapata ardhi huku Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, na mji ukajengwa ukaitwa Frere Town. Katika mwaka 1875 manowari zilianza kuwashusha watu waliokombolewa, kwa mamia.

Price hakuwa peke yake. Waliomsaidia ni Waafrika ambao wao wenyewe walikuwa watumwa utotoni, wakakombolewa baharini wakapelekwa India, wakasomeshwa Nasik karibu na Bombay. Hao ni akina George David, William Jones na Ishmael Semler. Walijua Kiingereza, walijua kazi za mikono, na zaidi ya yote walijua maana ya kushushwa katika jahazi pasipo mama wala baba. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwabariki Jones na Semler kuwa mashemasi. Mtoto aliyeuzwa amekuwa mhudumu wa meza ya Bwana.

Pale Frere Town palitundikwa kengele. Mnara wake mnaujua, maana bado umesimama kando ya barabara, na mahali pale hata kondakta wa matatu hupaita Kengeleni. Wengi hushuka hapo kila siku wasijue wanashuka kwenye mahubiri. Husimuliwa ya kwamba kengele ile ililia kuonya watu hatari ilipokaribia, kwa kuwa walikuwako wenye watumwa waliochukia mji ule. Nayo ililia kuwaita watu katika ibada. Hebu fikirini mtu aliyezoea kuamshwa na sauti ya msimamizi. Asubuhi moja asikia kengele, ashtuka, ashika jembe, kisha aambiwa, “Leo weka jembe chini. Leo ni Jumapili.” Hakuna mahubiri yaliyomfika mtu yule kabla ya hayo.

Lakini sisi Wakristo tusijisifu upesi. Mwaka 1881 ilibidi ufanyike uchunguzi wa serikali ya Kiingereza juu ya msimamizi wa Frere Town, J. R. Streeter, kwa sababu ya viboko na vifungo alivyowapa watu wa mji ule. Naam, katika mji wa waliokombolewa, chini ya kengele ya ibada, watu walichapwa. Streeter aliondolewa, na Price akarudishwa kuutengeneza mji. Twayasema haya kwa sababu Biblia yenyewe haifichi dhambi za watu wa Mungu. Na twajifunza ya kwamba mtu aweza kuishika Jumapili kwa ukali sana, kengele ikapigwa kwa wakati wake, viti vikajaa, na jirani yake asipate pumziko lolote.

Utumwa wenyewe haukwisha siku moja. Kule Rabai walikimbilia watoro wengi, na mwaka 1889 George Mackenzie, wa kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani, aliwagawia zaidi ya watu 1,400 hati za uhuru baada ya mabwana zao kulipwa. Sheria ya kuufuta utumwa katika pwani yetu ilikuja mwaka 1907. Basi kwa muda wa zaidi ya miaka 30, kengele ya Kisauni ililia ikisikiwa na watu wa namna mbili: walioruhusiwa kuiitika, na wasioruhusiwa.

Wakristo wa kwanza kabisa wangalielewa jambo hili kuliko sisi. Sisi twadhani Jumapili ilizaliwa na mapumziko yake. Sivyo. Kwa muda wa miaka mia tatu hivi Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Mwaka 112 hivi, liwali wa Kirumi aliyeitwa Plinio alimwandikia Kaisari Trajano ya kwamba Wakristo hukutana kabla ya mapambazuko. Kwa nini kabla ya mapambazuko? Wengi walikuwa watumwa na vibarua, na jua likichomoza walitakiwa kazini. Nanyi mwamkumbuka yule kijana Eutiko wa Troa, katika Matendo mlango wa 20, aliyelala dirishani Paulo akihubiri hata usiku wa manane, akaanguka. Sisi humcheka kijana yule. Huenda alikuwa ametoka kazini. Mwaka 321 ndipo Kaisari Konstantino alipoamuru mahakama na miji ipumzike Jumapili, na hata hapo wakulima waliambiwa waendelee na mashamba.

Turudi nyumbani. Reli ilianza kujengwa mwaka 1896, ikavuka Makupa ikaingia Changamwe. Bandari ya Kilindini ikakua, na nyuma yake zikaja kambi za wafanyakazi, karakana na viwanda. Kwa ofisi za serikali ya kikoloni Jumapili ilikuwa siku ya kufunga mlango. Watu kutoka bara, wa makabila mengi na madhehebu mengi, walikutana Jumapili na watu wa lugha yao, wakaimba, wakaulizana habari za nyumbani, wakachangiana nauli ya kusafirisha maiti. Makanisa mengi ya Changamwe na Likoni yalianza hivyo. Lakini meli haijui Jumapili. Ikitia nanga, winchi lazima zizunguke. Basi hata leo kuna mzee wa kanisa Changamwe ambaye huvaa mavazi ya kazi chini ya koti la ibada, kwa sababu shifti yake yaanza saa nane mchana. Huyo ni ndugu yake Eutiko, akisinzia, msimguse.

Na Jumapili yetu ya leo ikoje? Asubuhi twaona akina mama katika sare zao wakitembea kwa vikundi, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Mchana ni pilau. Jioni, watu wa Likoni huvuka kwa feri, familia nzima, kwenda Mama Ngina kupunga upepo na kula mihogo yenye pilipili. Siku njema, twamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini hebu tuulize swali la Musa. Ni nani aliyepika ile pilau wakati sisi tuko kanisani? Yule msichana wa kazi aliyeamka saa kumi alfajiri, akawapiga pasi watoto wetu ili wang'ae mbele ya Bwana, ana Jumapili yeye? Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi ana haki ya siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Sheria ya Mungu ilitangulia kusema hivyo. Aibu iliyoje kama msichana yule atapata mapumziko yake kwa afisa wa kazi, asiyapate kwetu tunaoimba habari za kukombolewa!

Tena yuko mwingine. Jumapili tarehe 23 Machi 2014, hapo Likoni, watu wenye bunduki waliingia katika kanisa moja wakati wa ibada wakawapiga waumini risasi; wengine walikufa. Tangu siku zile za hofu makanisa mengi yaliweka mlinzi mlangoni. Sisi twapita mbele yake na Biblia mkononi, atupekua mikoba, twamwambia asante, twaingia. Yeye hubaki nje, juani, saa zote za ibada, ili sisi tuombe kwa amani. Huku kwetu huenda mlinzi huyo akawa Mwislamu. Basi Jumapili yake ameitoa kwetu. Na Ijumaa je? Ijumaa adhuhuri, adhana ikilia kule mtaani, twampa nafasi aende, au twamwambia geti haliachwi?

Wako wanaotaka kutuambia ya kwamba Ijumaa na Jumapili ni siku za maadui. Waliofanya mauaji yale walitaka tuamini hivyo. Lakini lugha yetu yakataa. Hatuwezi hata kuitaja siku yetu pasipo kuitaja na ya jirani, kwani Juma iko ndani ya Jumapili. Tukimnyima jirani Ijumaa yake, tumeanza kuhesabu vibaya.

Kwa hiyo, wapendwa, tukiamka Jumapili ijayo tufanye jambo moja. Tusianze kwa kuuliza, “Mimi nitapumzikaje?” Tuanze kwa kuuliza, “Ni nani ambaye mapumziko yangu yanamlemea?” Tumwite, tuketi naye, tupange: siku gani ni yake, na saa gani. Tusimwambie ya kwamba tumemhurumia, maana huruma ilikuwa desturi ya mabwana wa mashamba. Tumwambie ni haki yake. Na mtu wa Kisauni atakaposhuka Kengeleni, autazame ule mnara, akumbuke ya kwamba kengele ile ilikuwa na utamu kwa sababu ilimwambia aliyekuwa mtumwa aweke jembe chini.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewatoa watu wako katika nyumba ya utumwa, twakushukuru kwa siku hii. Utusamehe tulipoitunza kwa ajili yetu wenyewe tukawasahau walio chini ya dari yetu na walio mlangoni petu. Uwape pumziko wapakuzi wa Kilindini, wapishi, walinzi na wachuuzi. Uwafariji waliofiwa Likoni. Utufundishe kuhesabu siku zetu pamoja na jirani zetu. Kwa jina la Yesu Kristo, aliyefufuka siku ya kwanza. Amina.